Besi ya Dobi

Kwa miaka kumi na mmoja, Dobi ndiye aliyetupandishia sauti ya kwanza. Kazi yake ni kufua mashuka ya hospitali, na sisi wenzake wa kwaya ya wanawake ya mtaa hatukuwahi kumwita jina jingine. Kisha akafanyiwa upasuaji wa tezi shingoni. Kidonda kilipona vizuri, ila sauti iliyorudi haikuwa ile iliyokwenda. Ilikuwa nzito, ya chini, yenye kukwaruza kidogo. Kwenye simu watu wakawa wanamwamkia, "Shikamoo baba." Akaacha kuja mazoezini.

Miezi minne baadaye, Mkunga alimfuata kazini, nami nikaongozana naye. Mkunga ndiye mwalimu wetu. Alistaafu kuzalisha akaanza kutuimbisha. Tulimkuta Dobi katika chumba cha kufulia, ametupa mgongo, mashine zinanguruma, naye anaimba peke yake chini kabisa ya mngurumo ule. Mkunga alinibana mkono nisitikisike.

"Mwanangu," akasema Mkunga, Dobi alipogeuka, "tangu lini unaficha besi na mimi nahangaika?"

"Mama, hii si besi. Hii ni aibu."

"Aibu haiimbiki. Hii nimeisikia ikiimbika. Jumanne saa kumi, usichelewe."

Alikuja. Msimu ule tulikuwa na maonyesho matatu katika ukumbi wa mtaa. Kwenye la kwanza, besi ilipoingia, watu walicheka. Mzee mmoja alisimama kabisa amtafute mwanamume jukwaani. Kesho yake Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi akatuita.

"Naulizwa kama kwaya ya akina mama siku hizi ina baba," alisema. "Sitaki ukumbi wangu uchekwe. Nimewatafutia wanaume wanne, wataimba besi. Huyu mama apumzike. Au asimame nyuma ya pazia, mimi si mkatili."

Mkunga alimtazama vizuri. "Mwenyekiti, nilikupokea kwa mikono hii. Ulikuja na sauti mbaya kweli, na hakuna aliyekuwekea pazia."

Tulicheka hadi machozi. Yeye hakucheka.

Wanaume wake walifika Jumanne. Mmoja wao, naona haya kusema, alikuwa mume wangu, seremala, na hakuwa ameniambia neno. Mkunga aliwapa mstari wa besi. Ulipoanza kushuka, wakauachia njiani mmoja baada ya mwingine. Mume wangu akabaki anapumua tu. Dobi, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la ukutani, akaumalizia bila hata kusimama.

Mume wangu alivaa kofia yake. "Tumedanganywa," akawaambia wenzake. "Tuliambiwa hapa pana pengo." Wakaondoka. Nilimnunia siku mbili, siku ya tatu nikampakulia minofu.

Lakini Dobi mwenyewe alikuwa amekata tamaa. "Niwekeni tu nyuma ya pazia," alituambia. "Msimu usiharibike kwa sababu yangu."

Sitasema uongo, wapo waliotazama sakafu wakiomba tukubali yaishe. Mimi ni fundi cherehani, na magauni yote thelathini na moja yalipita mikononi mwangu. Nikajikuta nimesimama.

"Dada, lile gauni lako nilifumua mabega mara tatu mpaka likakukaa. Ukilivaa nyuma ya pazia, nitakuvua mbele za watu."

"Huyu ana wazimu," Dobi akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa. Dobi alisimama mstari wa mbele, katikati. Mwenyekiti, akiwa mlangoni, alimwona, akaenda moja kwa moja kwa fundi mitambo, na katikati ya wimbo wa kwanza vipaza sauti vikafa. Sauti ya kwanza ikayumba. Nilimwona Mkunga akishusha mkono, ameishiwa.

Dobi akapiga hatua moja mbele, akashusha kidevu, akaiachia besi. Niliisikia kwenye nyayo, ikipita kwenye mbao za jukwaa. Sote tukaiegemea kama ukuta. Waliokaa nyuma waliinuka wakasogea, wakasimama kwenye njia, wakakaa chini mbele ya jukwaa. Tuliimba nyimbo zote tisa hivyo hivyo, bila waya, na hakuna aliyemtafuta mwanamume.

Jumatatu barua ikaja: onyesho la tatu limefutwa, na ukumbi tutaupata tena tukiandika kuomba radhi. Tukaandika. Dobi alisema, mimi nikashika kalamu:

"Mwenyekiti, barua yako tumeipata. Tumetafuta kosa tuliombee radhi, hatujaliona. Onyesho la tatu litakuwa uwanja wa kuanikia mashuka, hospitali, Jumamosi saa tisa, na mganga mkuu ameturuhusu. Ukija, tutakupa kiti cha mbele."

Akatia saini wa kwanza, kwa herufi kubwa, nasi tukafuata hadi karatasi ikakosa nafasi.

Jumamosi ile wagonjwa walijaa madirishani, wauguzi wakakaa kwenye ndoo walizozipindua, na mume wangu akaleta mabenchi ya karakanani. Mwenyekiti hakuja. Ukumbi hatujaupata mpaka leo, wala hatujauomba.