Ishirini na Tano ya Clarrie

Jumamosi, saa saba na robo mchana, Merle Hartwig alikuwa chini ya meza, makalio juu, tochi mdomoni, akilaani. Alikuwa na miaka sitini na saba na goti moja la chuma, na hilo la chuma ndilo lililokuwa likilalamika kidogo kuliko jingine.

Merle alikuwa ameendesha basi la shule katika mji mdogo wa Dalby miaka ishirini na sita bila kukwaruza hata kioo. Walipomstaafisha hakwenda kufuma vitambaa. Alijinunulia usukani wa kuchomeka kwenye kompyuta, na pedeli tatu, akaingia Ligi ya Mabibi wa Usukani: wanawake wa miaka sitini kwenda juu, kutoka Perth mpaka Invercargill, wakishindana kwa magari ya mbio ndani ya skrini na kutukanana kwa adabu kupitia vipaza sauti.

Leo saa tisa zilikuwa mbio za mchujo. Wanne wa kwanza wanakwenda fainali. Mara mbili Merle alikuwa wa tano, na mara zote mbili wa nne alikuwa Thelma Pybus wa Burnie, mwanamke ambaye hata kikohozi chake kilikuwa na majivuno.

Ila ligi ilikuwa na sheria. Kila bibi lazima arushe skrini yake hewani mbio zikiendelea, picha sitini kila sekunde, ili waamuzi wayaone magurudumu yake vizuri. Sheria hiyo ilikuja baada ya bibi mmoja wa Geelong kukatiza kona kwa hila mbio zote huku picha zake zikirukaruka, akaapa kwamba ni intaneti. Ndiyo maana Merle alikuwa na kompyuta mbili: moja ya kuendeshea, nyingine ya kurushia, na katikati yake kidude cheusi, kama pakiti ya sigara, kinachonasa picha za ile ya kwanza na kuipa ya pili.

Alhamisi zilikuwa picha sitini. Leo zilikuwa ishirini na tano.

"Nimebadilisha waya," alisema Merle akitoka chini ya meza na utando wa buibui kwenye nywele alizotengeneza jana tu. Akaitazama namba kwenye kona ya skrini. "Ishirini na tano!"

"Safi," alisema Clarrie.

Clarrie alikuwa mumewe. Alikaa kwenye kochi, bakuli mapajani, akimenya njegere na kusikiliza kriketi redioni. Miaka thelathini na minane alikuwa fundi televisheni. Hakuna sebule Dalby ambayo hakuwahi kupiga magoti ndani yake. Tangu astaafu alikuwa akizungukazunguka nyumbani na bisibisi mfukoni, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau amefuata nini.

"Safi nini?" Merle alimgeukia.

"Nimesema safi tu."

"Clarrie, leo usinichokoze. Leo nitakuuma."

Akampigia binti yao, Raelene, fundi umeme kwenye mgodi wa Mount Isa, ambaye ndiye aliyemfungia mashine zote hizo Krismasi.

"Mama, umeizima ukaiwasha?"

"Raelene, usinianze."

"Nauliza tu."

"Nimeizima nikaiwasha mara nne. Kilichobaki ni kuizika."

"Kile kidude cheusi umekichomeka tundu gani? Lazima liwe lile la bluu. Lile jeusi ni la polepole."

Merle akarudi chini. Kilikuwa kwenye la bluu. Akakihamishia la bluu jingine, akagonga kichwa kwenye meza, akataja jina la mtoto wa Mungu na jina la Thelma Pybus katika sentensi moja.

"Ishirini na tano!"

"Sawasawa kabisa," alisema Clarrie, akidondosha njegere kwenye bakuli.

Merle alimrushia kandambili. Ilimpata begani, naye akamtazama kwa mshangao wa mtu aliyepigwa kwa kusifia.

Wakaendelea hivyo, mama huku na binti kule kwenye simu. Walifungua kompyuta ubavuni, wakakuta feni imeota manyoya kama paka. Merle akaipuliza kwa pampu ya baiskeli mpaka akapiga chafya saba. Wakazima kila programu iliyokuwa wazi, pamoja na ile ya hali ya hewa. Wakapunguza uzuri wa mchezo: kwanza vivuli, kisha nyasi, kisha watazamaji wakawa maboksi yenye kofia, na miti ikafanana na koliflawa iliyochemshwa. Kompyuta ya kuendeshea ilikuwa nyepesi kama kanga aliyefunguliwa mlango. Ile ya kurushia ikasema ishirini na tano.

"Mama, hapo sijui tena. Labda kidude kimekufa."

"Kingekufa kisingeonyesha kitu! Hiki kiko hai, kinanifanyia makusudi!"

Akaenda jikoni kujitengenezea chai asije akalia. Alipomimina maziwa, yakatoka vipande vya barafu, yakaanguka kikombeni mbwata, mbwata, yakamrukia kwenye blauzi.

"Na hii friji nayo!" akapiga kelele. "Nyumba nzima imenigeuka!"

 Sebuleni redio tu ilikuwa ikimpigia makofi mtu fulani.

Saa nane na dakika ishirini ikaingia sauti ya Ngaire, mwamuzi mkuu, kutoka Rotorua. Ngaire alikuwa mwalimu mkuu wa zamani, na mpaka leo hata salamu yake ilikufanya ufiche mikono nyuma.

"Merle, kipenzi, naona gari lako linaruka kama kangaruu."

"Narekebisha, Ngaire."

"Una mpaka saa tisa kasorobo. Hapo nafunga ukaguzi. Nisipoona sitini, nakufuta. Nilimfuta yule wa Geelong, na yule ni shemeji yangu."

"Maskini Merle," akadakia Thelma Pybus, ambaye hakuna aliyemwita. "Usijali, shoga. Utakaa na watazamaji. Wanasema viti ni vizuri. Mimi sijawahi kuvikalia."

Merle akazima kipaza sauti kabla hajasema neno ambalo Ngaire angeliandika daftarini. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini na tano, na hata saa ya ukutani ilikuwa inamcheka.

Kisha, kwa kuwa hakuwa tena na waya wa kuchomoa, aliketi akaitazama ile namba.

Ishirini na tano. Ishirini na tano. Akashika chai yake yenye barafu. Ishirini na tano. Haikushuka kuwa ishirini na nne, haikupanda kuwa ishirini na sita. Haikutikisika.

Merle aliyajua mabasi yanayougua. Basi likiugua hukohoa: linavuta vizuri tambarare, linazima mlimani, likipoa linapona kwa muda. Lakini alikumbuka mwaka ule walipompa basi jipya likagoma kuzidi kilomita themanini, mlimani themanini, mteremkoni themanini, na yeye akalipeleka karakana mara tatu akidai ni injini. Halikuwa na ugonjwa wowote. Kuna mtu wa ofisini alikuwa amelifungia kidhibiti mwendo bila kumwambia dereva.

Kitu kigonjwa kinayumba. Kisichoyumba kimeamriwa.

Polepole, kiti chake kikilia, Merle aligeuka akalitazama kochi.

"Clarrie."

"Naam."

"Weka bakuli chini. Nitazame machoni."

Clarrie akaweka bakuli chini.

"Umeigusa mashine yangu?"

"Sikuiharibu."

"Sikuuliza kama uliiharibu!"

"Niliirekebisha," alisema Clarrie, akajiweka sawa kwenye kochi kama mtu anayengoja kushukuriwa. "Jana ulipokwenda saluni. Nilipita nikaona imeandikwa sitini. Nikajua, hawa wameleta mashine na vipimo vya Amerika, wala hawakumwambia mteja. Huku kwetu umeme ni mapigo hamsini kwa sekunde, Merle. Televisheni ni nusu yake, picha ishirini na tano. Ilikuwa ishirini na tano siku niliyoanza kazi na ishirini na tano siku niliyoacha. Nimeziweka televisheni za wilaya hii yote, hakuna hata moja iliyorudi."

"Clarrie, hii si televisheni!"

"Ina skrini."

Merle alifumba macho. Alipoyafumbua Clarrie alikuwa bado yupo.

"Na saa nzima hii nikiwa chini ya meza nimebinua makalio, ulidhani natafuta nini? Uyoga?"

"Nilidhani unakagua. Kila ukisema ishirini na tano, mimi nakujibu safi. Ukanipiga na kandambili."

Kwenye simu Raelene alikuwa akicheka mpaka akawa anapiga mluzi kama birika.

Merle akafungua ile programu ya kurushia, akaitafuta sehemu ya picha, na kweli ilikuwepo, imeandikwa wazi, kitu ambacho yeye na binti yake wangekiona kama wasingekuwa hodari wa kufungua feni. Akaweka sitini. Akaiangalia skrini. Namba kwenye kona ikapanda mpaka sitini, lakini gari bado liliruka kama kangaruu.

"Kuna pengine," alisema Raelene, kicheko kimemkauka. "Mama, baba ameweka na pengine."

"Wapi, Clarrie?"

"Subiri."

"Sina subiri! Ni saa nane na dakika arobaini!"

Clarrie akatoa mfukoni daftari dogo lenye jalada jekundu, lile lile la kazini, akalamba kidole, akafunua. Merle hakuamini macho yake.

"Uliandika?"

"Fundi lazima aandike." Akalinyoosha daftari mbali na uso. "Ijumaa, saa nne na dakika arobaini. Mashine ya Merle. Sitini kuwa ishirini na tano, mahali pawili. Programu kubwa. Kidude cheusi, ukurasa wa pili, chini kabisa."

"Njoo hapa. Nionyeshe kwa kidole. Ukigusa, nakikata."

Clarrie akaja na kidole chake, mkono mwingine nyuma ya mgongo. Ukurasa wa pili. Chini kabisa. Merle akabonyeza, akaweka sitini, na gari lile likatulia barabarani kama limepakwa siagi.

Saa nane na dakika arobaini na tatu Ngaire alisema, "Naona sitini. Vaa glavu zako." Thelma akakohoa, na safari hii kikohozi hakikuwa na majivuno.

Zilikuwa duru ishirini. Clarrie aliamriwa kukaa kwenye kiti cha jikoni, mbele, anapoonekana, akikalia mikono yake. Muda wote Merle alikuwa wa tano, pua yake kwenye mkia wa Thelma, kama mwaka juzi, kama mwaka jana. Kona ya mwisho Thelma alifunga breki mapema kidogo, kwa uzee au kwa kiburi, Merle akampita kwa nje, tairi zikichunguliana na majani, akavuka wa nne.

"Ametoka nje ya mstari!" Thelma alipiga yowe. "Magurudumu yote manne! Mwamuzi!"

"Nimesikia, Thelma. Sikuziba masikio," alisema Ngaire. "Nitaitazama picha ya Merle."

Ikarudiwa hewani, wote wakitazama, picha moja baada ya nyingine. Gurudumu kwenye mstari mweupe. Gurudumu linaelekea nje. Picha iliyofuata, liko nje. Thelma akavuta pumzi ya ushindi.

"Ngoja," alisema Ngaire. "Nimeruka moja."

Akarudi nyuma. Katikati ya hizo mbili kulikuwa na picha moja nyembamba: magurudumu matatu nje, na la nne, la nyuma kushoto, limeung'ang'ania ule mweupe kwa upana wa kidole. Na katika iliyofuata, hilo la nyuma likiwa nje, la mbele lilikuwa limeshaingia tena.

"Gurudumu moja ndani, inatosha. Merle wa nne. Thelma, viti vya watazamaji ni vizuri, ulisema mwenyewe."

Merle alivua glavu.  Clarrie alikuwa bado amekalia mikono yake, akiitazama ile picha iliyoganda kwenye skrini, midomo ikihesabu.

"Kwa ishirini na tano," alisema baadaye, kwa sauti ndogo, "hiyo isingekuwepo."

 Merle aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo, mara nyingi. Kisha akaona huruma, akambusu kipara.

"Nenda kabandike chai, fundi."

Clarrie akaondoka haraka. Daftari jekundu lilikuwa limebaki mezani, limefunguka. Merle akalivuta, kwa kutaka tu kuuona tena ule mwandiko wake mzuri wa kizamani. Chini ya Ijumaa saa nne na dakika arobaini kulikuwa na mstari mwingine.

Ijumaa, saa tano na robo. Friji. Ilikuwa imewekwa vibaya. Imerekebishwa.

Kutoka jikoni ikasikika mbwata, mbwata.

"Clarrie," aliita Merle, akifunua ukurasa uliofuata.