Bibi Anakula kwa Kushoto

Mie mikono ya watu siwezi kuichora kwa kichwa tu. Nyuso naweza, kuku naweza, hata mbuzi anayecheka naweza, ila vidole vikishika tonge vinanishinda. Kwa hiyo nilikuwaga nakaa mbele ya kioo cha kabati na sahani ya wali, nakula kidogo, nachora kidogo, mwisho wali unapoa na mie nanenepa.

Miaka tisa nachorea vitabu vya watoto hapa Mwananyamala, na miaka tisa jina langu limekaa ndani, ukurasa wa pili, kwa herufi za kutafuta na miwani. Safari hii Mama Herieth, mhariri wetu, aliahidi kwamba kazi ikiwa safi, jina la Rosalia Gaspar litakaa juu ya jalada. Ikiwa na kasoro, turudi kulekule ukurasa wa pili. Jamani, nililitaka lile jalada kuliko nilivyowahi kutaka harusi.

Hadithi yenyewe ni ya bibi anayewaita wajukuu kula pilau kwenye sinia moja. Siku tatu kabla ya kukabidhi, nikapeleka michoro chekechea kwa jirani yangu, Mwalimu Eufrazia, maana watoto hawajui kumsifia mtu kwa kumwonea aibu. Nikainua picha ya sinia. Mmoja akauliza, "Ticha, mbona bibi anakula na mkono wa kuchambia?"

Darasa zima likacheka. Nikatazama vizuri: bibi kushoto, wajukuu kushoto, hata mgeni naye kushoto. Kioo kilinigeuzia mkono, na mie nikachora nilichokiona, kama zuzu. Vitabu vya nyuma hata sikutaka kuvifungua.

Binti mmoja tu, Mwanabaraka, hakucheka. Alikuja hadi kwenye picha, akaweka kidole juu ya mjukuu mdogo. "Huyu kama mie," akasema. Mwalimu Eufrazia akaninong'oneza kwamba mtoto yule anatumia kushoto, na wakati wa uji hujificha nyuma ya mlango ili wenzake wasimcheke.

Nilirudi nyumbani na hasira, sijui za nani. Siku mbili sikutoka. Nilirudia picha zote sita, safari hii nikamkalisha dada yangu Editha mahali pa kioo, anakula huku analalamika kwamba pilau gani halina nyama. Wote nikawahamishia mkono wa kulia. Nilipofika kwa mjukuu mdogo, nikamwacha.

Siku ya kukabidhi nikaingia ofisini kwa Mama Herieth. "Shikamoo mama."

"Marahaba." Akafunua, akafunua tena, akafika kwenye sinia. Kalamu nyekundu ikatua. "Huyu umemsahau."

"Sijamsahau, mama." Nikamweleza yote, ya kioo na ya mlango wa chekechea. Nilijua jalada ndiyo linakwenda hivyo.

"Wazazi watanipigia simu, Rosalia."

"Waambie wanipigie mie. Na jina ukitaka kuliondoa, liondoe, ila mtoto abaki."

Akafunika kalamu yake.

"Sasa jina nikiliondoa," akasema, "watajuaje wa kumpigia?"