Mashine Haitoki Meru

Mume wangu Gitobu alinipigia simu kutoka Doha nikiwa na gundi mpaka kwenye nyusi. Hakuniuliza nimeamkaje.

"Hiyo kitu ya pande kumi na mbili umekata mara tatu leo," alisema. "Ni ya nani?"

"Ya Madam Gladwell. Ya kwanza iliraruka. Ya pili karatasi iliteleza."

"Iliteleza aje?"

Mtu aliye Doha utamweleza vipi jinsi karatasi inavyoteleza Meru? Nilimwambia mkeka umechoka. Mkeka ni ile plastiki yenye kunata tunayobandika karatasi juu yake kabla ya kuiingiza kwenye mashine, na kweli ulikuwa umechoka, umejaa vumbi na manyoya ya paka wa jirani. Akasema nimtumie picha ya mkeka. Nikamtumia. Mke wa mtu, mwenye akili zangu timamu, nimesimama mlangoni mchana kweupe nikipiga mkeka picha.

Mashine yenyewe aliinunua huko huko na kumpa rafiki yake aniletee. Sitaisema vibaya, ni mashine nzuri. Unachagua umbo kwenye kompyuta likiwa limefunguliwa na kulazwa, kama pakiti ya maziwa iliyofunuliwa. Mashine inakata kingo kwa kisu kidogo kuliko ukucha, inakwaruza mistari ya kukunjia, na wewe unabaki na kazi ya kukunja na kubandika. Tangu mtaala mpya uingie walimu hawalali kwa kutafuta maumbo ya kufundishia. Watu wa harusi wanataka mipira ya pembetatu ishirini ya kuning'iniza hemani. Kanisa linataka nyota. Chumba chetu kiko Majengo, kati ya bucha ya Koome na fundi cherehani, na kazi zangu zilining'inia darini mpaka watu waliokuja kununua matumbo wakawa wanaingia kushangaa kwanza.

Shida ilikuwa akaunti. Mashine ile haikati hata kamba bila akaunti, na akaunti ilikuwa ya Gitobu, kwa jina lake na nywila yake. Kila nilichokikata kilijitokeza kwenye simu yake. Wateja nao walilipa kwenye namba yake. Dada yake Kiende, aliyekaa chumba cha pili, ndiye aliyewapokea na kuandika oda, na kama kulikuwa na jambo la kunisema alilisema kwa Kimeru. Nyumba ile tuliongea Kiswahili kwa sababu wao ni Wameru na mimi ni Mwembu wa Kanja, na kila mtu aliamini lugha ya mwenzake imepinda. Lakini Kimeru nakisikia zaidi ya nusu, na nusu hiyo ilitosha kuninyima usingizi.

Nilikuwa nimechoka. Sisemi kuchoka kwa mikono. Nilichoka kuonwa. Nikiketi, Doha wanajua nimeketi. Nikikata pembetatu moja ya kujaribu, Doha wanauliza kwa nini moja.

Basi Madam Gladwell akaja siku moja kuulizia oda yake. Huyu ni mwalimu wa hesabu, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, na ni mtu wa Embu kama mimi. Aliketi juu ya debe akaniambia kwamba huko Embu kuna mafunzo ya walimu yanaanza, na wanatafuta mtu wa kuwafundisha kutengeneza maumbo kwa mikono yao, muhula mzima na pengine zaidi.

"Nimewaambia najua mtu," alisema. "Utakuwa unalala kwa mama yako Kanja. Wewe uje Jumatatu na vitu zako, wakuone ukitengeneza, na kazi ni yako."

Kulala kwa mama. Kuamka asubuhi mtu asijue niko upande gani wa kitanda. Nilikuwa sijatamani kitu namna ile tangu niolewe.

Nilimpigia Gitobu mwenyewe, kwa adabu zote. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo lilinitia hofu kwa sababu si kawaida yake.

"Enda," alisema. "Lakini mashine haitoki Meru. Na bila mashine utawaonyesha nini, vidole?"

Nilimchukia sana. Kibaya zaidi ni kwamba nilikubaliana naye. Niliangalia vidole vyangu nikaona kweli havijui kitu. Vinajua kukunja. Umbo linatoka kwenye mashine, na mashine ni ya Gitobu. Hata hivyo nilimtumia Madam Gladwell ujumbe kwamba nitakuja. Sijui nilikuwa nafikiria nini. Kiende alikuwa nyuma yangu akipepeta mchele, na macho yake ni mazuri.

Asubuhi yake kompyuta ikaniomba nywila. Niliandika ile ya kila siku, ikakataa. Nikaandika tena polepole, herufi moja moja, ikakataa. Nilipiga Doha, simu ikaita mpaka ikanyamaza. Hapo nikaelewa: Kiende amemwambia, naye amebadilisha nywila. Nilikaa mbele ya ile mashine kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake, na huku nilikuwa ndani.

Oda ya Madam Gladwell ilikuwa bado. Lile umbo la nyuso kumi na mbili lilikuwa limekamilika isipokuwa uso mmoja, ambao paka aliulalia ukakunjika vibaya. Kwa hasira zaidi kuliko akili, nilichukua moja ya zile nakala zilizoharibika, nikakata pembetano moja kutoka kwayo, nikailaza juu ya karatasi ngumu mpya ya manila na kuizungushia penseli. Nikaongeza vilimi vya kupakia gundi kwenye kingo. Nikakata kwa wembe na rula. Nikabandika. Iliingia, na ukiniuliza leo kati ya zote ni ipi niliyoikata kwa mkono nitakudanganya, kwa sababu siijui.

Niligeuza lile umbo mikononi. Nyuso zote kumi na mbili zilikuwa pembetano ile ile. Nikainua macho darini. Mpira wa harusi, pembetatu mara ishirini. Sanduku, miraba sita. Lile la kuzungukazunguka ambalo watoto wa fundi waliliita kichwa cha mzungu lilikuwa pembetatu na miraba tu, zimekaa jirani. Zote nilikuwa nimezikata kwa ukingo wa urefu mmoja ili zipakike vizuri. Muda wote huo nilidhani mashine ina maumbo elfu ndani yake. Kumbe nilikuwa nahitaji vipande vitatu, pembetatu, mraba na pembetano, na mkono wa kuzungusha penseli. Nilicheka peke yangu hadi Koome akachungulia kutoka buchani.

Furaha haikudumu. Kufikia pembetano ya nane kile kipande cha manila kilikuwa kimechakaa ncha, na nyuso zikaanza kupishana. Nikajaribu kuchora nyingine kwa rula, ikaegemea upande kama nyumba ya mlevi. Nilihitaji vipande vigumu visivyolika, vilivyokatwa sawasawa kabisa. Na kitu pekee kilichokata sawasawa kabisa pale nyumbani kilikuwa kimefungwa, na ufunguo ulikuwa Doha.

Ilibidi niombe msamaha.

Gitobu alipopokea hatimaye, aliniambia niweke simu kwa sauti ili Kiende asikie. Niliweka. Kiende alisimama mlangoni na ungo wake. Koome naye alikuwa amesimama nje na kisu chake mkononi, mteja akimngoja.

"Sema," Gitobu alisema.

"Nisamehe."

"Kwa nini?"

"Nilimkubalia Madam bila ruhusa yako."

"Na sasa?"

"Siendi."

"Sema vizuri, Mukami. Sema yote."

"Siendi Embu. Nitakaa hapa nifanye kazi."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kusema uongo hakukuniumiza. Kilichoniumiza ni kwamba maneno yalitoka laini sana, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi miaka mingi. Koome alirudi kwenye nyama yake bila kuniangalia, Mungu ambariki.

Gitobu akafungua. Sasa nitafute kitu kigumu. Manila haifai, katoni inavimba, chupa za plastiki zimejikunja. Nilipekua chumba kizima. Chini ya godoro nikakuta ile bahasha kubwa ya kahawia aliyoileta siku alipokwenda kupimwa kabla ya safari, maana hao watu wa Ghuba hawakuchukui mpaka wauone moyo wako. Ndani kulikuwa na picha ya eksirei ya kifua chake. Niliishika kwenye mwanga wa dirisha. Mbavu zake zote zilikuwepo, nyeupe, zimepangwa vizuri. Plastiki yake ilikuwa ngumu na nyororo, nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka kwenye mkeka ule.

Nilipaka gundi kidogo mkeka ushike, nikaibandika. Nikaweka kisu kirudie mstari mara nne. Mashine ilianza kunguruma, kisu kikatembea juu ya kifua cha Gitobu.

Kiende aliingia kutafuta kiberiti. Alisimama. Aliiangalia mashine, akaiangalia bahasha juu ya kitanda yenye jina la kaka yake. Kiende ana watoto wawili, na karo yao hutoka Doha. Neno moja tu kutoka kwake na ningekuwa nimekwisha.

Alisema, "Usiache vipande kwa sakafu," akachukua kiberiti akatoka.

Hazikupita dakika nyingi simu ikaita.

"Naona triangle, square na pentagon," Gitobu alisema. "Moja moja. Hizo ni za nini?"

"Za watoto wa nasari. Wanafundishwa kutaja maumbo."

Akacheka, kicheko cha kweli, kile kilichonifanya nimpende zamani. "Sasa umerudi nasari? Hiyo hata Kiende anaweza." Akaniambia nisisahau kusafisha mkeka. Aliviona vyote vitatu, kimoja baada ya kingine, na hakuona kitu.

Siku ya kuondoka nilivaa viatu vyangu vya kawaida na kubeba mfuko wangu wa sokoni. Nilimwambia Kiende naenda kununua manila. Alikuwa anafua, povu mpaka viwikoni.

"Utanunua ya kutosha?" aliuliza.

"Ya kutosha."

"Sawa." Akaendelea kufua. Nilikuwa nimeshafika barabarani alipoongeza kitu kwa Kimeru, polepole, na hiyo nusu niliyoisikia ilikuwa kunitakia safari njema.

Huko Kanja mama alinipa chai, akanitandikia kitanda cha dada yangu. Jumatatu nilishuka Embu mapema. Ukumbini kulikuwa na walimu wamejaa, na mbele meza moja ya waliokuja kunipima. Madam Gladwell alikuja mbio kunipokea.

"Mashine iko wapi?" aliuliza.

"Imebaki."

Uso ukamshuka. Nilitoa kwenye mfuko penseli, rula, wembe, gundi, na vile vipande vitatu vyeusi, nikavipanga mezani. Simu ilikuwa inatetemeka ndani ya mfuko. Ilinyamaza, ikaanza tena. Nilijua ni nani na nilijua anachokiona huko, akaunti tupu, tangu niondoke hakuna kilichokatwa. Mikono yangu ilikuwa imezoea kupokea umbo kutoka kwa mashine. Pembetano ya kwanza niliiharibu mbele ya watu wote. Ya pili ilitoka. Nikawapa walimu manila, nikawaonyesha jinsi ya kuzungusha penseli na kuacha vilimi vya gundi, na mara ukumbi mzima ukawa kimya, ule ukimya wa watu wazima wanaokata karatasi.

Mzee mmoja wa ile meza ya mbele, Mwalimu Njue, aliokota ile pembetano yangu nyeusi akaiinua dirishani. Aliigeuza. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Binti," alisema, "hizi si mbavu za mtu?"

"Ni mbavu."

"Za nani?"

"Za bwanangu," nilisema. "Alipimwa, wakasema hana shida yoyote."