Kaka Hakufunga Mlango

“Msiniambie anasema nini,” alisema Mwalimu Amongin. “Sauti nimeizima makusudi. Niambieni mnaona nini.”

Wanafunzi wake, wote watu wazima, waliikodolea macho runinga iliyotundikwa ukutani mwa banda la video. Katika picha walikuwapo wanaume wawili mbele ya nyumba ya mbao. Mmoja alikuwa amesimama mlangoni, juu ya ngazi, na suti nyeusi mwilini. Wa pili alikuwa chini, mkoba begani, viatu vimejaa vumbi.

“Mimi naona huyu mkubwa amekasirika,” alisema Edgar, mwendesha bodaboda wa pale mpakani.

“Hasira huioni, Edgar. Unaikisia. Unaona nini?”

Edgar akajikuna kisogo. “Naona mkono yake iko kwa mlango.”

“Haya. Sasa kwa Kiingereza.”

Edgar akaisukuma ile sentensi kama mtu anayesukuma pikipiki iliyoishiwa mafuta, mwisho ikafika. Wenzake wakampigia makofi. Mwalimu hakupiga, alikwisha kugeukia picha tena, akauliza macho ya yule mkubwa yanatazama wapi, na yule mdogo mbona hapandi ngazi.

Nyuma ya ubao uliogawa banda sehemu mbili, Owori alikuwa ameketi na rimoti mkononi, akiomba sauti isifunguliwe.

Banda lilikuwa lake. Mchana na jioni yeye ndiye vijei, mtu anayejificha na maikrofoni huko nyuma akaigeuza filamu ya Wazungu ikawa Kiswahili cha Busia, watu wakacheka na kulia hapo hapo. Sauti yake ilijulikana toka mjini Busia mpaka Nagongera. Sura yake haikujulikana na mtu. Angeweza kupanga foleni ya chapati huku vijana mbele yake wakiigiza maneno yake, asiangaliwe hata mara moja, na jambo hilo lilimfurahisha kuliko alivyopenda kukiri. Kiingereza chake alikiacha shuleni Nabuyoga, kidato cha pili, karo ilipokwisha. Alichosikia alikifasiri, na alichokosa alikijazia kutoka kichwani mwake. Na kichwa hicho, tusimwonee, kilikuwa kimejaa vizuri.

Asubuhi banda hukaa tupu, kwa hiyo mwalimu alipokuja kuliomba kwa darasa lake la Kiingereza, Owori alikubali bila kuvuta maneno. Majuma mengi yalipita salama. Leo sasa, kati ya filamu zote zilizojaa kwenye kabati lake, mwalimu alikuwa amechagua hii.

Ilikuwa hadithi ya ndugu wawili. Mama yao amefariki, mdogo aliyepotelea ughaibuni anarudi mazishi yamekwisha, mkubwa anampokea mlangoni. Yule mkubwa hutamka sentensi moja tu, fupi, kwa sauti ya chini. Mara ya kwanza Owori hakuishika hata neno, na banda lilikuwa limejaa, likingoja. Akavuta pumzi, akanguruma: “Umekuja kula matanga? Ulikokula ujana, ukale na uzee huko huko.” Watu nusura waangushe mabati. Tangu siku hiyo maneno yale yalitoka bandani yakaenda zake sokoni, stendi, kwenye ugomvi wa wake wenza. Owori akiyasikia njiani alitembea akitabasamu peke yake.

“Sasa,” alisema Amongin, “mmeona mikono, mmeona macho. Kisieni. Huyu kaka anasema nini?”

Darasa zima likajibu kwa pamoja, kama kanisani. “Umekuja kula matanga? Ulikokula ujana, ukale na uzee huko huko.”

Mwalimu akashangaa. Alikuwa mwenyeji wa upande wa Tororo, na mabanda ya video hakuyazoea. “Nani amewaambia hivyo?”

“Hiyo sisi tunajua, mwalimu,” alisema Benedeta. “Hiyo ndiyo filamu yenyewe.”

Benedeta alikuwa mwuza samaki, mama mpana, mpole wa kusema. Alikuwa amejiandikisha kwa sababu moja tu: pale mpakani alichoka kila siku kutafuta mtu wa kumsemea kwa maofisa. Alitaka kusema mwenyewe.

“Vizuri,” alisema mwalimu. “Basi tusikilize. Bwana Owori, tuwekee sauti.”

Owori alitazama swichi kubwa ya ukutani. Busia umeme ukikatika nani huuliza? Akanyoosha kidole, akaibonyeza. Picha ikazimika, banda likawa kiza.

“Ah, stima,” alisema mtu, na wote wakatulia kungoja, kama watu waliozoea.

Katika kiza hicho Benedeta akaanza kuzungumza, polepole, kama anayepitisha wakati. “Mimi hiyo maneno nilitumia kabisa, mwalimu. Kwa ndugu yangu Oguttu. Alikuwa upande wa Kenya, anavua huko, miaka mingi. Mama akagonjeka, akakufa, yeye hayuko. Tumezika, tumemaliza matanga, ndiyo huyo nakuja na sukari kwa mkono. Watu wamekaa. Mimi nikasimama kwa mlango, nikamwambia hivyo hivyo. Watu walicheka sana.”

“Naye akasema nini?”

“Hakusema kitu. Aliweka sukari chini, akakwenda.”

“Yuko wapi siku hizi?”

“Majanji, huko ziwani. Anakausha mukene, ile dagaa ndogo. Mimi samaki yangu nanunua hapo hapo Majanji, lakini hatusalimiani.”

Owori alisikia kila neno kupitia ule ubao. Aliona aibu, aibu nzito ya mtu aliyerusha jiwe akicheza na sasa anaambiwa lilimwangukia nani. Hakumjua Oguttu, hakuwahi kumkosea. Kumbe alikuwa naye siku hiyo, amesimama mlangoni kwa watu, ndani ya kinywa cha dada yake. Angeweza kuliacha banda gizani mpaka saa ya darasa iishe. Alikaa. Kisha akainuka, akairudisha swichi, akaifungua sauti mpaka juu.

Kaka mkubwa akasema, kwa sauti ya chini: “Mother kept your plate.”



“Tena,” alisema mwalimu.

Owori akarudisha. Kaka akasema tena.

“Mama aliweka sahani yako,” Edgar akafasiri mwenyewe, taratibu, neno kwa neno. “Basi? Hakuna kitu ingine?”

“Hakuna kingine. Mama alimtunzia sahani yake.”

Vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kuelekea ule ubao wa nyuma. Owori aliviona kupitia tundu lake la kuchungulia. Mtu mmoja akacheka kidogo, akaacha. Benedeta peke yake hakugeuka. Alikuwa bado anatazama mbele.

“Mwalimu,” alisema, “rudisha. Mimi nataka kuona mlango.”

Picha ikarudi. Kaka akasema maneno yake, akaondoa mkono mlangoni, akageuka, akaingia ndani. Mdogo akabaki chini na mkoba wake. Nyuma yake shamba, mbele yake mlango.

“Hafungi,” alisema Benedeta.

Ilikuwa kweli. Owori alikuwa ameionyesha filamu ile mara zisizo na hesabu na hakuwahi kuliona jambo hilo, maana hapo ndipo watu walipokuwa wakicheka, naye nyuma ya maikrofoni akicheka nao. Kaka alimwachia ndugu yake mlango wazi, na banda zima la Busia lilikuwa limetazama mlango ule ule likaona umefungwa.

“Kwa Kiingereza, mama,” alisema mwalimu, kwa upole.

Benedeta akajaribu, akaweza. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Darasa lilipokwisha alizunguka nyuma ya ubao. Owori alikuwa akikunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa.

“Kumbe wewe ndiye hiyo sauti,” alisema Benedeta. “Wewe mdogo hivi.”

“Ni mimi, mama. Ile maneno ilikuwa yangu. Mzungu hakusema.”

“Nimesikia.” Owori alitamani atukanwe yaishe. “Mimi sikuleti lawama. Mdomo ilikuwa yangu. Lakini Jumapili nakwenda Majanji, na wewe utakwenda na mimi. Oguttu aone hiyo maneno ilitoka wapi.”

“Nitakuja, mama.”

Jumapili, baada ya misa, walipanda bodaboda ya Edgar, watatu juu ya kiti kimoja, njia nzima hadi ziwani. Owori aliyekaa nyuma kabisa alipanga hotuba. Aliipanga kwa kituo na mkazo, mahali pa kupandisha sauti na mahali pa kuishusha, na walipofika ilikuwa imekamilika.

Oguttu walimkuta ufukoni, amechuchumaa, akigeuza mukene waliotandazwa juu ya nyavu kuukuu kama kitambaa cha fedha. Alimwona dada yake. Hakusimama. Mkono uliendelea kuchambua samaki.

Owori akakohoa. “Ndugu Oguttu, habari ya kazi. Mimi naitwa Owori, nimetoka Busia—”

Ule mkono ukasimama. Haukusimamishwa na jina.

“Ni wewe,” alisema Oguttu. “Hiyo sauti. Nikivuka mpaka, mimi nilikaa kwa hiyo banda yako. Hiyo maneno nilicheka mimi mwenyewe, nikacheka mpaka machozi, kabla ya huyu kunirushia.”

Hotuba yote ikamtoka Owori kichwani. Akafungua kinywa ili aseme chochote, kwa maana hiyo ndiyo kazi yake, kusema chochote pasipo na kitu. Benedeta akamshika mkono.

“Acha,” alisema. “Leo nasema mwenyewe.”

Alisimama pale na gauni lake la gomesi la kanisani, mshipi umelegea kwa safari, akiwatazama wale samaki. Hata alipoanza, alianza kwa Kilusamia, lugha ya kwao, akakatiza, akarudi kwenye Kiswahili kana kwamba Kilusamia kilikuwa karibu mno.

“Mama alikuwa nakuuliza. Mpaka siku ile ya mwisho. Kila mtu akiingia anasema, ni Oguttu? Mimi nilijua, na sikukuambia. Nilikasirika ulimwacha kwa mimi peke yangu, na sikutaka ujue alikuuliza.”

Oguttu alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vimezama katika mukene, na mabega yake yalitikisika mara moja tu. Edgar, aliyebaki na pikipiki mbali kidogo, akageuka akatazama upande mwingine.

Kisha upepo ukageuka. Ulitoka ziwani, wa baridi, ukaanza kuinua ncha za nyavu. Huko juu ya maji wingu lilikuwa limeshuka, jeusi, linakuja mbio. Oguttu akajifuta uso kwa mkono wa shati.

“Mvua,” alisema. “Dada, shika upande ule.”

Benedeta akapandisha gomesi, akainama, akashika pembe mbili. Wakainua pamoja, lakini mzigo ulikuwa mzito, nyavu zikalegea katikati na samaki wakaanza kuteleza. Oguttu akamtazama Owori.

“Na wewe wa banda, njoo ushike hapa chini.”

Owori akaingiza mikono yote miwili chini ya nyavu, akabeba. Matone ya kwanza yakawapiga mgongoni. Wakaenda hivyo kuelekea kibandani, hatua fupi fupi, mukene wakichakarika kati yao, mpaka mlangoni.