Vitovu Thelathini na Kimoja

Siku ya nne baada ya mjukuu wake kuzaliwa, Necahual, mkunga wa mtaa wa mferejini huko Tlatelolco, aliamka na hasira, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Tangu mji uanguke, miaka tisa ilikuwa imepita, na hasira ilikuwa mali pekee ambayo Wakastilia, wageni waliouteka, hawakuwahi kuja kuidai mlangoni kwake. Asubuhi hiyo, hata hivyo, hasira yake ilikuwa na anwani. Don Baltasar, mkuu wa mtaa, alikuwa ametuma neno kwamba angepita kuchukua vitovu.

Kila mtu ana mahali kilipozikwa kitovu chake. Cha mtoto wa kike huzikwa kando ya mafiga, chini ya jiwe la kusagia, ili miguu yake isizoee njia. Cha mtoto wa kiume hakizikwi nyumbani. Mkunga hukikausha, hukifunga kwenye ngao ndogo isiyozidi kiganja, na hukiweka mkononi mwa askari, naye huenda kukifukia katika uwanja wa vita, upande unaomkabili adui. Maana yake ni kwamba mwanamume huzaliwa ugenini, kwamba nyumba ya mama yake ni kituo tu cha njiani, na kwamba kwao ni kule atakakofia. Maneno hayo hunenwa na mkunga wakati kisu kingali na damu. Necahual alikuwa ameyanena kwa miaka thelathini na mitano, na wazazi wengi walikuwa wameisifu sauti yake.

Baada ya mji kuanguka hapakuwa tena na vita, kwa sababu hapakuwa na watu waliobaki wa kuipigana. Watoto wa kiume waliendelea kuzaliwa hata hivyo, wachache na wakaidi. Padri aliwamwagia maji na kuwapa majina ya watu waliokufa nchi za mbali. Habari ya vitovu hakuambiwa, naye hakuuliza. Necahual alivikausha, akafunga kila kimoja kwa uzi wa rangi yake ili asisahau ni cha nani, akavitia katika mtungi wenye kifuniko. Humo vilingoja uwanja wa vita. Vilikuwa thelathini, na sasa kilikuwapo cha mjukuu.

Sasa vita ilikuwa imepatikana. Jemadari mmoja wa Kikastilia alikuwa akienda magharibi kuteka nchi ya watu ambao hawakuwa wamemkosea lolote, na kila mtaa ulitakiwa kutoa wanaume arobaini wa kutangulia mbele ya farasi, pale ambapo mishale huangukia kwanza. Ilisemwa kwamba Don Baltasar alikubali kabla mkalimani hajamaliza sentensi. Wanaume hawakukubali upesi kama yeye. Ndipo mkuu wa mtaa alipoikumbuka desturi. Alitangaza kwamba watakaokwenda watabeba vitovu vya watoto wote wa mtaa, ili hatimaye vizikwe mahali pa heshima. Akina mama walifurahi. Hilo ndilo lililomchoma Necahual kuliko yote. Wanawake aliowazalisha kwa mikono yake walikuja kumletea maharage na shukrani, na wawili kati yao walilia kwa furaha.

Mtu wa kwanza kujiandikisha alikuwa Mazatl, mwana wa Necahual mwenyewe, baba wa kichanga, na safari ilikuwa siku hiyo hiyo.

Don Baltasar alifika jua likiwa limeshapanda, amevaa shuka lake la pamba lililofungwa begani na juu yake kofia ya Kikastilia iliyokuwa kubwa kuliko kichwa. Mkononi alikuwa na kikapu kipya cha matete. Nyuma yake, nje ya ua, akina mama kumi na kitu walikuwa wamesimama ukingoni mwa mfereji kushuhudia. Kabla ya maji ya padri mtu huyo aliitwa Tlacuach, kwa jina la yule mnyama mdogo wa mashambani ambaye akibanwa hujilaza akajifanya mzoga. Necahual alimkaribisha mkekani na kumpa maji. Kakao, kinywaji cha wageni wa heshima, haikutajwa.

Mgeni alizunguka kwa maneno mengi, kama adabu inavyotaka. Aliisifu afya ya mama mzazi. Alisema kwamba mtoto ana kifua cha babu yake. Kisha akaeleza kwamba wazee wa mtaa wamefurahi kuona mambo ya asili yakirudi, kwamba watoto wamekaa miaka tisa bila kwao, na kwamba jambo la namna hii ndilo linalowafanya watu wa Tlatelolco kuwa watu.

"Na adui ni nani?" Necahual aliuliza.

"Watu wa magharibi, dada. Washenzi tu. Wanakula nyoka."

"Sisi tulikula nini ule mwaka wa kuzingirwa, Tlacuach? Ama wewe hukuwepo? Nasikia ulikuwa umelala chali mahali, umetoa ulimi nje."

Mmoja wa akina mama kule nje alicheka, akajifanya anakohoa. Don Baltasar alisema kwa upole kwamba siku hizi anaitwa Baltasar. Aliongeza kwamba vita ni vita, mwenye kuiita ni nani si hoja, na kwamba desturi haiulizi.

"Desturi unayo," alisema mkunga. "Adui ndiye uliyempoteza."

Mazatl alikuwa amesimama penye kizingiti, tayari ndani ya koti nene la vita la pamba. Uso wake ulikuwa na mashimo ya ndui iliyopita kabla ya njaa, nayo njaa ilipita kabla ya mizinga. Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba alipokuwa juu ya paa moja karibu na soko, akiwatupia mawe watu hawa hawa ambao sasa alikuwa akienda kuwatangulia njiani. Mama yake alimkumbusha paa hilo. Alimwuliza ni nani atakayetembea ubavuni mwake katika safari hiyo, kisha akajijibu mwenyewe: Watlaxcala, ambao waliwaleta Wakastilia hadi mjini, waliobeba mbao za merikebu zao mabegani kuvuka milima, na ambao siku ya mwisho walizimaliza nyumba za mtaa huu mlango kwa mlango.

"Vitovu vya kaka zake mkeo vimezikwa wapi?" aliuliza.

"Mpakani mwa Tlaxcala."

"Vinamkabili nani?"

Mazatl alitazama chini. Halafu akasema, si kwa ukali, bali kama mtu aliyekwisha kulipima jambo peke yake siku nyingi: "Mama, miaka tisa nabeba mawe. Naivunja nyumba ya mungu wetu, naijenga nyumba ya mtu nisiyemjua, mgongo umeisha. Huko angalau nitashika rungu. Mwanangu akikua akiniuliza baba ulikuwa nani, nimwambie nini? Punda?"

"Mwambie ulikuwa hai."

"Hiyo si kazi ya mwanamume. Wewe ndiye uliyeniambia. Neno la kwanza nililosikia duniani ni lako."

Hakusema hivyo ili kumwumiza, na kwa sababu hiyo neno lilifika ndani. Necahual alikaa kimya muda mrefu kuliko alivyozoea. Hasira aliyokuwa amewagawia Wakastilia, padri, Watlaxcala na kofia ya Baltasar ilimrudia, ikamkuta peke yake. Aliwakumbuka wote, kwa maana mkunga hasahau. Alikuwa amewakata vitovu wavulana zaidi ya mia nne kabla ya vita. Aliwakumbuka wengine kwa namna walivyotoka, huyu kwa miguu, yule amejizungusha kitovu shingoni. Kila mmoja, kabla hajafungua macho, alikuwa amemwekea mdomo sikioni na kumwambia kwamba yeye si wa hapa. Walimwamini. Waliondoka karibu wote kwenda kwao, na kwao palikuwa chini ya maji ya mifereji, hatua mia mbili kutoka mlango wa nyumba hiyo. Hakuna Mkastilia aliyewafundisha kufa. Walipofika Wakastilia walilikuta somo limekwisha kutolewa, na mwalimu alikuwa ni yeye.

Don Baltasar, aliyedhani kimya hicho ni kukubali, alisogeza kikapu mbele na kuuomba mtungi.

"Huupati," alisema Necahual.

Mkuu wa mtaa aliacha adabu. Alimweleza kwamba ana amri yenye muhuri, kwamba anaweza kuuchukua mtungi kwa nguvu, na kwamba wenye watoto wako nje wanangoja. Necahual alimjibu kwamba mtungi anaweza kuuchukua hata mwizi, lakini kitovu kisichotoka mkononi mwa mkunga ni kipande cha ngozi kavu, na kama jemadari anahitaji ngozi kavu, aende sokoni. Hayo yalikuwa kweli kwa desturi, na wanawake wa nje walijua kwamba ni kweli. Baltasar naye alijua, na kwa mara ya kwanza alionekana kuwa na uzee wake halisi.

"Kwa hiyo waoze humo mtungini?" alisema. "Wasiwe na kwao milele? Huo ndio ukunga wako?"

Swali hilo lilikuwa zuri, na Necahual alimchukia zaidi kwa kuliuliza. Hakuweza kuwapeleka watoto katika vita ya wauaji wao, wala hakuweza kuwaacha ndani ya mtungi, na mtungi huo alikuwa ameushikilia kifuani kama mtu anayezuia mlango.

Ndipo Teicuh alipozungumza. Mke wa Mazatl alikuwa amekaa tangu asubuhi katika kona ya giza, mtoto kifuani, kama inavyompasa mzazi wa siku nne, na wote watatu walikuwa wamegombana juu ya kichwa chake kana kwamba ni chombo cha nyumbani. Alikuwa binti wa mashujaa, dada wa mashujaa, na siku ya tangazo alikuwa miongoni mwa waliofurahi.

"Mama, sogeza hilo jiwe la kusagia."

Hakuna aliyeelewa. Teicuh alimlaza mtoto mkekani, akapiga magoti, akalisukuma jiwe mwenyewe kwa mabega yote mawili, ingawa hakuruhusiwa bado kuinua hata kibuyu. Udongo uliokuwa chini yake ulikuwa mweusi na laini kwa unga na maji ya miaka mingi.

"Chimba hapa," alisema.

Mazatl alipiga hatua mbele. "Teicuh, huyo ni wa kiume. Unamzika jikoni? Watamcheka mtaa mzima."

"Wamcheke. Ili uchekwe lazima uwepo. Kaka zangu nani anawacheka?"

Don Baltasar alisema kwamba hilo halijawahi kufanyika. Necahual alikubaliana naye kwamba halijawahi. Alitoa kitovu cha mjukuu, kilichokuwa bado hakijakauka vizuri, akakikata kutoka kwenye ngao yake ndogo, na kuitupa ngao upande. Alichimba kwa kijiti cha bustani, kina cha mkono, kwa ghadhabu, kama mtu anayetafuta kitu alichoibiwa. Alipofikia wakati wa maneno, alijikuta hana. Ya wavulana asingeyatamka tena, na ya wasichana, yaliyomwahidi mtoto majivu na jasho la jiko, nayo yalikuwa na dhuluma yake. Alikitia kitovu shimoni, akasema, "Kwenu ni hapa," akafukia.

Kisha akatoka nje na mtungi. Aliwaambia akina mama kwamba kila mmoja atapewa cha mwanawe mkononi, na kwamba akishakipokea ni juu yake. Kikapu kiko pale. Mafiga yapo nyumbani kwao. Aliwaita kwa rangi za nyuzi, mmoja mmoja, na waliokuwa hawapo walipelekewa habari, nao wakaja. Kazi hiyo ilichukua hadi jua la utosi. Alikuwa ametumaini kwamba wote wangefanya kama Teicuh. Kumi na mmoja walipita moja kwa moja kutoka mkononi mwake hadi kikapuni mwa Baltasar bila kumtazama usoni, na mmoja wao, ambaye alikuwa amemzalisha mara tatu, alimwambia kwamba mwanawe hatazikwa kama mwanamke kwa sababu ya uchungu wa kikongwe. Waliobaki walivifumbata vyao na kwenda zao. Walivifanyia nini, hakuna aliyesema, wala Necahual hakuuliza.

Mazatl aliingia ndani kuaga. Aliinama juu ya mtoto, akakaa hivyo kitambo. Aliiokota ile ngao ndogo pale ilipotupwa, na mama yake alimwona akiitia kwenye mfuko shingoni, ikiwa tupu. Hakumzuia. Alikuwa amekwisha kumwambia yote aliyoweza kumwambia, na lile la kwanza ndilo lililoshinda.

Penye mfereji, mbele ya wenzake, Don Baltasar alimwuliza kwa sauti kubwa, ili wote wasikie, kama amekibeba kitovu cha mwanawe.

"Ninacho," alisema Mazatl, akaupigapiga mfuko.

Mkunga aliusikia uongo huo kutoka uani na hakuusahihisha. Mitumbwi iliyowabeba wanaume iliondoka. Wanawake waliwapungia mikono, na yeye hakuinua wake. Alirudi ndani akiwa bado na hasira, akalisukuma jiwe la kusagia mahali pake, akaona limekaa upande kwa sababu ya udongo uliochimbuliwa. Teicuh alikuwa hajala tangu alfajiri. Necahual alipiga magoti, akachota mahindi, na kuanza kusaga, kwa nguvu nyingi kuliko mahindi yalivyohitaji.