Jicho la Kushoto la Mwalimu wa Kwaya

Mwalimu wa kwaya mikono yake yote miwili huwa kwenye kinanda, kwa hiyo waimbaji huwaingiza kwa uso. Nyusi zikipanda, besi. Jicho la kushoto likifumbwa, sauti ya pili. Miaka nenda miaka rudi mambo yalikwenda hivyo, mpaka jicho hilo lilipoanza kujifumbia lenyewe.

Lilianza kwa kuchezacheza kwenye ukope wa chini, akadhani ni uchovu. Baadaye shavu likafuata, kisha pembe ya mdomo nayo ikawa inavutwa juu, upande huo huo tu. Wa kulia ulitulia tuli, kama si wa mtu huyo. Maumivu hakuna, ila sasa watu wa sauti ya pili walikuwa wanaingia kabla ya zamu yao, wanagongana na soprano, ukumbi unageuka soko. Mwenyekiti akamwambia kwa upole unaouma, "Mwalimu, hali ikiendelea hivi tutatafuta mwingine."

Loo! Tangu mkewe afariki, na watoto hawakujaliwa, mazoezi ndiyo pekee yaliyokuwa yakimtoa nyumbani. Ukimnyang'anya kwaya umemwachia sufuria na redio.

Akaenda hospitali. Daktari, binti ambaye kwa umri Mwalimu angeweza kuwa baba yake, alimwambia afumbe macho, atabasamu, ajaze mashavu hewa.

"Mzee wangu, inaelekea kuna mshipa wa damu unaoibana neva ya uso. Ipo sindano ya kuilegeza misuli. Lakini wapo wanaokonyeza kwa mazoea tu, na hao wakilala uso hutulia. Wako unaendelea kucheza ukiwa usingizini?"

"Sijui."

"Muulize mwenzio nyumbani, Jumatatu uniambie."

Akaitikia sawa. Angesema nini?

Simu yake ilikuwa ile ya tochi, haina kamera. Alijaribu kulala huku akijivizia mwenyewe. Upuuzi mtupu! Basi siku ya mazoezi akamsogelea kiongozi wa sauti ya pili, mama mmoja asiye na mzaha.

"Mama, nina shida. Nataka mtu wa kunitazama nikilala."

Mama akaruka nyuma. "He! Kumbe kunikonyeza kote kule ulikuwa na lako jambo! Mimi mke wa mtu, Mwalimu!"

Soprano wakaangua kicheko. Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze. Akajaribu kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo jicho lilivyozidi kumkonyeza yule mama. Akafunika kinanda akaenda zake.

Jumapili mchana mlango ukagongwa. Alikuwa seremala, mume wa yule mama, kifua mbele, uso umekunjamana.

"Wewe ndiye unayemkonyeza mke wangu?"

"Ndugu yangu, ni ugonjwa. Naapa."

Seremala akamkazia macho. Jicho likacheza, shavu likafuata, mdomo ukavutwa. Akatazama na chumba: kiti kimoja, kikombe kimoja.

"Yaani kweli huna hata mtu wa kukutazama ukilala?"

"Sina."

Seremala akashusha pumzi, akavuta kile kiti. "Haya, lala. Nilikuja kugombana, nimeshajitengea mchana mzima."

Mwalimu akajilaza na viatu vyake. Alidhani hatapata usingizi mbele ya mgeni, kumbe kusikia mtu mwingine anapumua chumbani kulitosha. Akalala fofofo.

Alipoamka jua lilikuwa limehama dirishani. Seremala alikuwa bado yupo.

"Linacheza," akasema. "Halijapumzika hata kidogo, na mdomo nao. Kamwambie daktari. Halafu unakoroma, Mwalimu. Unakoroma vibaya mno!"

Mwalimu akakaa kitandani akalia. Seremala akadhani ni ule ugonjwa, akaanza kumpa pole, akamwambia sindano itasaidia. Wala sababu haikuwa hiyo. Tangu amzike mkewe, hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba anakoroma.