Wimbo wa Mama Pasi

"Zima kitu hicho," alisema baba mkubwa.

Mtunza kanda hakuzima. Alirudisha kanda nyuma, akabonyeza tena, na chumba chote kikajaa sauti ya mwanamke anayeimba huku akihema kidogo, kama mtu aliyesimama kazini.

Wimbo wenyewe, nani asiyeujua? Kwaya zinauimba, bendi zinaupiga, walevi wanauharibu. Na kila mahali utaambiwa ni wimbo wa babu yake mtunza kanda, yaani baba wa huyu mzee aliyesimama mlangoni na suti yake ya sherehe. Adhuhuri ile redio ingemkumbuka marehemu moja kwa moja hewani, mwanawe akiwa mgeni wa heshima, na mtunza kanda alikuwa ameagizwa atafute rekodi ya kwanza kabisa.

Basi akaufuata wimbo kinyumenyume. Katika rekodi ya kwaya, baada ya mstari wa pili, waimbaji wote hunyamaza kidogo kisha huendelea. Katika ile ya bendi, iliyo kongwe zaidi, pengo hilohilo limezibwa kwa tarumbeta. Katika ya babu, anagonga ubao wa gitaa. Pengo la nini? Hakuna aliyeuliza, waliliimba kama walivyolikuta.

Ndipo alipofungua sanduku la kanda za babu, ambalo baba mkubwa alilileta juzi kwa mikono yake mwenyewe bila kusikiliza hata moja. Mtu hujichimbia shimo mwenyewe! Humo ndimo alimomkuta mwanamke huyu. Anamaliza mstari wa pili, ananyamaza, halafu unasikia pffuu! Kisha kitu kizito kinagonga meza, na wimbo unaendelea.

Bibi alifariki mtunza kanda akiwa mdogo sana, lakini mlio ule angeutambua hata usingizini. Ni bibi huyo, anapiga funda la maji na kuyapuliza juu ya shati la watu kabla ya kulikandamiza kwa pasi ya mkaa. Ndiyo, shati la watu. Bibi alikuwa dobi. Na mwishoni mwa kanda, sauti ya babu, ya kijana bado, inaomba: "Rudia hapo, mke wangu. Sijaushika vizuri."

"Unataka kumvua babu yako nguo mbele za watu?" baba mkubwa aliuliza.

"Babu ana nguo zake, baba. Nani alizipiga pasi?"

"Usinichezee! Wimbo ni wa ukoo. Awe yeye, awe mkewe, tofauti iko wapi?"

"Kama haipo, basi leo tumtaje bibi."

Mzee alivuta kiti, akakaa. "Hujui tulivyochekwa shuleni," alisema kwa sauti ya chini. "Watoto wa dobi! Wananishika kaptula, wananiuliza kama si ya baba yao. Baba alipoanza kusikika redioni ndipo tukawa watoto wa mwanamuziki. Nikapumua. Leo unirudishe kule, na uzee huu?"

Huruma ilimshika mtunza kanda, tena kweli kweli. Lakini hasira nayo haikuondoka. "Pole, baba. Na hiyo shule ulisoma kwa jasho la nani?"

"Nakukataza."

"Nimekusikia."

Kusikia si kukubali. Alikwapua kanda, akapanda ngazi kwenda studio, na mzee akamfuata akihema.

Taa nyekundu iliwaka. Mtangazaji alimkaribisha mgeni wake kwa madoido, akatangaza rekodi ya kwanza ya marehemu, kisha akamfanyia ishara mtunza kanda. Sauti ya mwanamke ilipotoka, mkono wa mtangazaji ulikimbilia swichi.

"Thubutu!" mtunza kanda alimnong'oneza, akausukuma mkono. Bibi akaimba hadi mwisho, na babu akasikika akimwomba arudie.

"Huyu ni nani, dada?" aliuliza mtangazaji, jasho likimtoka.

Mtunza kanda alivuta kipaza sauti. "Huyu ndiye mwenye wimbo. Ni bibi yangu, mzaa baba. Alikuwa dobi. Aliitwa..."

Akakwama. Wajukuu walimwita Bibi. Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Jina alilopewa na wazazi wake mtunza kanda hakulijua. Baba yake alikufa bila kumtajia, naye hakuwahi kuuliza. Loo, asubuhi nzima anapigania jina asilolijua! Aibu ilimchoma hadi masikioni. Lakini kurudi nyuma hakurudi.

"Jina lake silijui," alisema, wazi, nchi nzima ikisikia. "Baba mkubwa analijua. Ndiye mwanawe wa kwanza." Akamsukumia mzee kipaza sauti.

Mzee aliutazama mlango. Akaitazama taa nyekundu, kisha akamtazama binti wa mdogo wake, aliyekuwa amemkazia macho bila kupepesa. Mtangazaji alifungua mdomo aokoe kipindi. Mtunza kanda akamwinulia kidole, akaufunga.

Mzee akavua miwani, akaiweka mezani.

"Mama yangu mzazi aliitwa," akaanza, sauti ikamkatika. Akakohoa, akavuta kiti karibu, akaanza upya.